Mtu wa Saba wa Mwangaza Court

"Mama Leila, kampuni yenu inatengeneza nini?"

Nilimwuliza hivyo mwaka wa 1992, nikiwa darasa la pili, yeye akipanda ngazi na karatasi kwapani, akibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Haukuwa utundu. Thika ni mji wa kampuni. Hii inafuma vitambaa, ile inatoa viberiti, nyingine inatia mananasi mikebeni, na ya ngozi unaijua kwa pua kabla hujaiona. Kila mtoto darasani alijua kampuni ya babake inatoa nini. Sasa kwenye ubao wa geti letu kuliandikwa Mwangaza Court Management Limited, lakini hapakuwa na bomba la moshi wala king'ora cha zamu, na kitu pekee nilichowahi kuona kikitoka humo ndani ni sisi wenyewe na takataka zetu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo niachie kwanza," akasema, akaenda zake ghorofa ya juu.

Jina lake ni Mwanaharusi. Mama Leila ni la kuitwa. Alizaliwa Majengo, hapa hapa Thika, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Alikaa mbele ya bodi yenye matundu, waya mikononi, akiwaambia watu "shika laini, mzee" na "ongea sasa, mama," hata sauti yake ya nyumbani ikawa hiyo hiyo: ya upole, na haina haraka. Mumewe, Uthman, alikuwa fundi wa mitambo. Alipofariki mwaka wa 1988, alichoacha kilitosha kununua fleti namba tatu, ya chini, vyumba viwili na jikoni, kwenye jengo ambalo Mzee Githinji wa Ruiru alikuwa akilimalizia upande wa Makongeni. Nyumba kumi na mbili, orofa tatu. Mwanaharusi hakubaki na kitu kingine duniani ila kazi yake na binti yake Leila.

Kwenye karatasi za kununua kulikuwa na kipengele ambacho hakuna aliyekisoma kwa makini. Kila mwenye fleti alikuwa pia mwanachama wa kampuni. Siku nyumba zote kumi na mbili zitakapouzwa, Githinji angeiandikishia kampuni hiyo vitu vya wote: ngazi, paa, geti, na uwanja wa nyuma penye kamba za nguo na tangi la maji taka. Basi Githinji akauza kumi na moja. Namba kumi na mbili akaikalia mwenyewe, tupu, pazia limefungwa, mwaka baada ya mwaka, na uwanja ukabaki kwa jina lake.

Mwanaharusi alikuwaje mwenyekiti? Kwenye kikao cha kwanza alitoka kidogo kwenda kuangalia sufuria ya chai. Aliporudi wakampigia makofi. Alikuwa ameshachaguliwa.

Na shida zilianzia kwenye neno lenyewe. Kampuni! Watu walisikia kampuni wakaona tajiri. Balbu ya ngazi ikiungua, walimgongea: "Mama Leila, si wewe ndio mwenye kampuni? Weka balbu." Wengine walimwuliza kwa siri faida itagawanywa lini. Pampu ya maji ilipokufa mwaka wa 1994, alizunguka miezi mitatu akieleza kwamba kampuni ni sisi, kwa hiyo tuchange.

"Kampuni iombe mchango?" walimcheka. "Kampuni ndiyo hutoa, mama. Wewe umeona wapi?"

Aliyemwokoa ni Njau wa namba nane. Njau ana duka la misumari na saruji, lakini sifa yake haikuwa duka. Sifa yake ilikuwa kalamu. Ukifa Makongeni, Njau ndiye katibu wa kamati ya mazishi yako. Ndiye anayeandika miniti za vikao, anazipiga chapa, na kuzisoma mbele ya watu kwa sauti nzito hadi mfiwa anajiona mtu wa maana.

"Mama Leila," Njau alimwambia, "watu hawatoi kwa kampuni. Watu hutoa kwa kamati. Tuite kamati ya pampu."

Wakaiita kamati ya pampu. Siku tisa tu, maji yakapanda. Jumapili mchana wakaketi uwanjani na chai na mandazi, na Njau akasimama na faili lake, akashukuru mmoja mmoja, halafu akafanya kile kinachofanywa siku zote baada ya maziko.

"Kazi imekwisha. Naomba mtu apendekeze tuvunje kamati."

Mikono juu. Makofi. Maombi ya kufunga. Hiyo ndiyo desturi, na ina maana yake: kamati ikishazika huvunjwa, ili mtu asiendelee kukusanya watu kwa jina la marehemu. Lakini Njau alipiga chapa miniti zile kwa Kiingereza chake cha kunyoosha tai, kwenye karatasi yenye jina la kampuni juu, na jina lile likamvuta mkono. Badala ya kamati aliandika kampuni. Kwamba wanachama, kwa kauli moja, wameivunja kampuni ya Mwangaza Court kuanzia siku ile. Mwanaharusi alitia sahihi akitoka zamu, macho yamejaa mataa ya bodi, akagonga muhuri bila kusoma. Nakala kumi na mbili, kila mwenye nyumba yake. Ya kumi na mbili ikaenda Ruiru kwa Githinji, ikatiwa kwenye droo.

Miaka mitatu ikapita. Halafu ikaja ile mvua ya Elinino.

Asubuhi ya tarehe tatu Novemba 1997, Mwanaharusi aliteremsha miguu kitandani akakanyaga kitu baridi, laini. Tangi la nyuma lilikuwa limejaa maji ya mvua, na kila kilichokuwemo kilikuwa kimetafuta njia ya kurudi kilikotoka. Kilipanda kwa tundu la bafu. Kilipita chini ya mlango wa jikoni. Alisimama kwenye stuli na deki mkononi akitazama mkeka wake wa kuswalia ukielea polepole kuelekea sebuleni, na hakujua aanzie wapi.

Namba nne, Syombua alikuwa amemweka mtoto wake wa miezi minane juu ya meza. Kufikia Alhamisi mtoto alikuwa anahara.

Afisa wa afya alikuja na gambuti miguuni, akatazama, akaandika. Siku thelathini. Uchimbwe shimo jipya uwanja wa nyuma, na kampuni ilete ruhusa ya mwenye ardhi. La sivyo fleti nne za chini zinafungwa, watu watoke.

Mwanaharusi akaenda Ruiru. Ofisi ya Githinji iko nyuma ya duka lake la chakula cha ng'ombe, na Githinji ni mtu wa adabu, mzee wa kanisa, hapandishi sauti.

"Karibu, Mama Leila. Chai?"

"Chai baadaye, Mzee. Nimetumwa na kampuni. Tunaomba ruhusa tuchimbe shimo nyuma."

"Kampuni gani?"

"Si yetu ya Mwangaza."

Githinji alivua miwani, akaipangusa na ncha ya tai. "Lakini si mliivunja?"

Akafungua droo. Mwanaharusi aliona karatasi, akaona muhuri, halafu akaona mkono wake mwenyewe chini, sahihi yake ile ya kuzungusha M.

"Mimi sikuandika," alisema Githinji taratibu. "Mliniletea wenyewe, na Kiingereza safi kabisa. Sasa wewe unanijia kwa niaba ya marehemu? Uwanja ni wangu, mama. Na nimepata mtu wa kujenga hapo. Jumatatu tarehe moja Desemba anaweka sahihi."

"Mzee, akijenga hapo sisi tutaenda haja wapi?"

"Hiyo mngejiuliza mkivunja."

Akatoka. Binti yake Leila ameolewa Gitothua, si mbali, akapitia kwake. Leila akamwambia, "Mama, wacha hiyo nyumba, njoo hapa. Tutabanana." Mwanaharusi alitazama chumba: pazia katikati, watoto wanne kitanda kimoja, mkwe wake akijifanya hasikii. Akasema nitafikiria. Moyoni alijua kwamba akihamia pale atakuwa mzigo wa kuhamishwa kila mtu anapotaka kuvaa nguo.

Huko Thika mjini, juu ya duka la mikate, kuna wakili kijana, Perez. Alisoma miniti zile akacheka, kisha akamwona mama mwenyewe akaacha kucheka.

"Kampuni haivunjwi kwa mandazi," akasema. "Kisheria iko hai. Lakini wa kusema iko hai ni nyinyi wenyewe, kikaoni. Mfute hizi miniti, mniagize niweke zuio kwenye taito ya ardhi kabla huyo mnunuzi hajatia sahihi."

"Watu wangapi?"

"Saba kati ya kumi na wawili. Ndiyo koramu yenu. Na si barua, si simu. Mtu na miguu yake. Barua za kuwaita ziwafikie siku kumi na nne kabla. Wakiwa saba wakati kikao kinafunguliwa, kimefunguliwa. Hata mmoja akitoka baadaye, bado ni kikao. Lakini nusu saa ikiisha kabla ya saba, rudini nyumbani."

"Wakili, mimi watu saba sijawahi kuwapata hata kwa balbu."

"Sasa utawapata, mama. Ama?"

Akapanga kikao Jumamosi tarehe ishirini na tisa Novemba, saa nane mchana. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho inayofaa. Nyuma yake kulikuwa na Jumapili, halafu Jumatatu yenyewe.

Alizitafuta zile nyumba kumi na mbili kama mtu anayetafuta meno yaliyodondoka gizani. Mmoja alikuwa Mombasa. Mmoja alikuwa ng'ambo, na hakuna aliyejua ng'ambo ipi. Mmoja alikufa, na wanawe hawaongei. Wakati wa mapumziko ya chai kazini alichomeka waya kwenye bodi na kuwasaka waliobaki. "Shika laini, usikate. Ni mimi, Mwanaharusi wa Mwangaza. Usikate." Wakakata. Ghorofa ya juu mama mmoja alimjibu akiwa bado anatafuna: "Maji taka hayapandi ngazi, Mama Leila. Nyinyi wa chini pambaneni." Na karibu kila mlango maneno yalikuwa hayo hayo: si tulivunja? Mbona unatusumbua? Wewe unakula nini hapo? Wengine walimtazama kwa huruma, kama wanavyomtazama mtu ambaye bado anaweka sahani ya marehemu mezani.

Alipunguka mwili. Alikuwa akirudi kutoka kazini anapika amesimama juu ya matofali mawili, anakula amesimama juu ya matofali hayo hayo. Syombua alimwuliza kupitia dirishani, "Mama Leila, tutapata?" Akamjibu kwa ile sauti ya simu, "Tutapata, mwanangu." Kisha akafunga dirisha akalia na mdomo kwenye taulo.

Jumamosi ikafika na mvua yake. Walikusanyika chini ya kipaa cha ngazi. Syombua na mtoto mgongoni. Bedan, mzee mstaafu aliyetoka Gitothua na mwavuli uliovunjika mbavu. Wafanyabiashara wawili wa Makongeni wenye fleti za kupangisha, wakitazama saa. Mama yangu, Mwalimu Gathoni wa namba saba, na daftari la kuandikia. Na Mwanaharusi mwenyewe. Sita.

Nje ya geti pikapu ya Githinji ilikuwa imesimama, injini inanguruma, wiper zinakwenda. Alikuja kuhesabu. Na yeye ni mwenye namba kumi na mbili. Akiweka mguu ndani ya geti ni wa saba, kwa hiyo mguu hakuweka.

"Njau yuko," Bedan alisema. "Redio yake nimeisikia."

Mwanaharusi alipanda hadi namba nane. Alipobisha tu, redio ikanyamaza.

"Njau."

Akabisha tena.

"Njau, nimesikia redio."

"Stima imepotea," sauti ilisema nyuma ya mlango.

"Taa ya ngazi inawaka, Njau."

Hatua zikasogea hadi mlangoni. Halafu: "Mama Leila, hizo miniti zitasomwa?"

"Zitasomwa ndio zifutwe."

"Na jina langu?"

"Liko chini. Langu pia liko hapo hapo."

"Wewe watasema ulitia sahihi tu, ulikuwa umechoka. Mimi ndio niliandika. Makongeni nzima hunipa kalamu. Huyo Bedan amenisikia nikisoma kwa mazishi ya mkewe! Sasa asikie nilivunja nyumba ya watu kwa sababu sijui kampuni na kamati?"

"Sitacheka. Hakuna atakayecheka."

"Watacheka."

Mwanaharusi alipiga magoti kwenye simiti. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili. "Njau, nimepiga magoti hapa nje."

"Haki usifanye hivyo, Mama Leila. Inuka."

"Nimeshafanya."

Ufunguo ukazunguka nusu. Aliusikia vizuri, masikio yake yamezoea vitu vidogo kuliko hivyo. Ukakaa hapo. Halafu ukarudi.

Aliteremka ameshika ukuta. Saa nane na dakika kumi na tisa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshafungua mwavuli wake. Syombua alimtazama usoni, akaelewa, akageuka ukutani.

"Basi," alisema Bedan kwa sauti ya kuchoka, "tukingoja, tuombe. Hatuwezi kukaa hivi hivi." Akavua kofia, akakohoa kusafisha koo.

"Ngoja, Mzee," Mwanaharusi akasema. "Ngoja kidogo."

Alijitupia leso kichwani akatoka mvuani mpaka kwa pikapu. Githinji akateremsha kioo kiasi cha vidole vinne.

"Mama, nimekuambia—"

"Sikuja kwa hayo, Mzee. Hapa kuna watu wanataka kuomba. Mimi ni Mwislamu, siwezi kuwaongoza. Bedan koo limemkauka. Kuna mtoto mgonjwa hapo, mgongoni kwa mamake. Na wewe mzee wa kanisa umekaa kwa gari, unawasikia wanakosa wa kuwaombea."

Githinji alitazama saa. Alitazama kule chini ya kipaa, watu watano na vichwa wazi wakimwangalia. Kuna vitu mtu wa cheo chake hawezi kukataa mbele za watu.

"Kuomba tu," akasema.

"Kuomba tu, Mzee."

Alijua anachofanya. Alijua pia ni jina la nani analolitumia kama ndoano, na moyo ulimwuma, lakini aliushika mlango wa pikapu ukiwa wazi hadi mzee akateremka.

Githinji aliomba. Ana sauti nzuri, na akiisikia mwenyewe huwa hataki kuiacha. Aliombea mvua ipungue. Alimwombea mtoto. Aliwaombea wale wanaotamani vya wenzao, na hapo akafungua jicho moja. Alipofika amina, mama yangu alikuwa ameshaandika: saa nane na dakika ishirini na sita, kikao kimefunguliwa kwa maombi yaliyoongozwa na Mzee Githinji, namba kumi na mbili. Waliohudhuria, saba. Akayasoma kwa sauti ya darasani.

"Haiya!" Githinji aliruka. "Mimi sikuja kikaoni! Nimekuja kuomba!"

"Na kikao hufunguliwa na nini, Mzee?" mama yangu akamwuliza.

Aliwatazama wote. Mwisho akamtazama Mwanaharusi, na Mwanaharusi akainamisha macho. Pikapu iliondoka ikirusha matope mpaka ukutani. Sita waliobaki wakafuta miniti za Njau, wakamwagiza wakili. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi pia.

Jumatatu Perez aliwahi mlango wa ofisi ya ardhi kabla haujafunguliwa, na zuio likaingia. Mnunuzi akajitoa. Lakini siku thelathini zilikwisha kabla shimo halijachimbwa, na fleti nne za chini zikafungwa kwa kufuli. Mwanaharusi alilala Gitothua wiki saba, nyuma ya pazia la Leila. Syombua alihama na mwanawe, akauza, hakurudi tena. Kesi ikaenda mahakamani, na mahakama iliporuhusu kuchimba, asubuhi moja mifuko ya saruji ilikutwa langoni, hakuna aliyesema imetoka kwa nani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Njau siku hizi akipewa kalamu mazishini husema macho yanamsumbua.

Kesi ya uwanja bado iko. Na mahakama inataka jambo moja: kila mwaka ionyeshwe kwamba kampuni ingali hai, imeketi, imetimia. Githinji haji. Hata kuomba haji.

Juzi, Novemba hii ya 1999, nikiwa nimefunga shule baada ya kidato cha kwanza, nilimkuta Mwanaharusi ameketi ngazi ya kwanza, anavuta pumzi, karatasi magotini. Bodi yake ya simu iling'olewa mwaka huu. Mashine inaunganisha yenyewe. Sasa anatembea mchana kutwa. Nikamkumbusha lile swali langu. Alilikumbuka. Hakucheka safari hii.

"Watu saba," akasema. "Inatengeneza watu saba, mara moja kwa mwaka, na hawajawahi kudumu. Kila mwaka unaanza tena na mmoja." Akapitisha kalamu kwenye majina. "Leo niko na watano. Mama yako ametoka kazini, ama bado?"